Miaka Yangu na Hezekia, Mbuzi Aliyekula Kofia

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, mgongo unaniuma, na vidole vya mkono wangu wa kulia vina rangi ya zambarau ambayo mama mdogo amejaribu kuitoa kwa majivu, kwa mafuta ya taa na kwa maneno makali. Haikutoka. Hedimasta amesema niwaandikie nyinyi wa darasa la tano mtakaoshika kazi hii, mjue inavyofanywa. Alisema niandike kwa kifupi. Huyo ni mtu ambaye hotuba yake ya kufunga shule huwalaza hata mbwa, kwa hiyo kifupi nitakipima kwa kipimo chake.

Sitaeleza nilivyopanda cheo kwa sababu sikupanda. Nilianza nikiwa mtungaji wa hadithi za darasa la kwanza na nimemaliza nikiwa huyo huyo. Katikati nilitupiwa ushairi, kisha ualimu, vile mtu aliyebeba gunia anavyoambiwa, kwa kuwa umeshainama, ongeza na hili. Mshahara ulikuwa uji uliobaki chini ya sufuria. Tuendelee.

Kazi yenyewe niliipata kwa adhabu. Nilikuwa nimetoka Kabazi kuja kukaa na baba mdogo hapa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na sikuwa na rafiki hata mmoja. Nikawaambia wavulana kwamba kiboko ametoka ziwani, ameingia choo cha Hedimasta na ameshindwa kugeuka. Kufika saa ya uji, shule nzima ilikuwa imezunguka kile choo. Hedimasta alikuwa ndani.

Nilichapwa, halafu nikaambiwa nifagie darasa la kwanza mpaka shule ifungwe. Mwalimu wa darasa hilo, mnamjua, ni Mwalimu Dorkasi: mrefu, mkimya, sweta ya kijani mwaka mzima. Siku ya kwanza aliniacha nifagie mpaka katikati, kisha akasema nimweleze habari ya kiboko kama nilivyowaeleza wenzangu. Nikaeleza nikiangalia ufagio.

"Uongo wa wenzako una mwanzo tu," akasema. "Wako una mwanzo na una mwisho. Ijumaa utawasimulia watoto wangu."

"Nitawasimulia nini, Mwalimu?"

"Nitajuaje? Mimi si mwongo."

Lazima mjue kwa nini alinihitaji, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe na mengine yote ni mapambo. Darasa la kwanza lina chumba cha mawe chenye mabati mazima. Bwana Chumo, mwalimu wa useremala, amekitaka chumba hicho tangu siku misumeno yake iliponyeshewa. Hedimasta, ambaye hapendi kuamua jambo likaisha, aliamua hivi: darasa likiwa limejaa, chumba ni cha Dorkasi. Ijumaa yoyote atakayopita akute mabenchi matupu, chumba ni cha misumeno, na watoto watakaa nje nyuma ya stoo. Nyuma ya stoo ndiko upepo unakotua na vumbi lote la mji huu. Na watoto wa landhi hawajai kirahisi. Wana makaa ya kuokota relini, wana wadogo zao wa kubeba, wana ndege wa ziwani wa kufukuza. Mwalimu Dorkasi alitaka kitu cha kuwafanya waache vyote hivyo waje. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba hii ni kazi ya fasihi, mkubalini kwa heshima, lakini mjue kwamba mimi nilikuwa kuta nne na mabati.

Ijumaa ya kwanza nilianza na jua. Nilieleza jua likichomoza juu ya Menengai, rangi yake, umande wake, ndege wake, na nilikuwa bado sijalitoa lote nilipoona watoto wanajikuna. Alianza mmoja, likafuata benchi zima. Mwalimu Dorkasi alikuwa amekaa nyuma akifuma.

"Unawaona wanavyojikuna?" akaniuliza baadaye. "Hao hawana upele. Ni sentensi zako. Mtoto akijikuna, kata."

Hilo ndilo somo kubwa nililopata katika kazi hii na nawapa bure. Usiangalie macho. Macho ya mtoto wa shule yamefundishwa adabu, yanaweza kukutazama huku mwenyewe yuko ziwani. Angalia mikono.

Aliyeniokoa siku hiyo ni mbuzi wa mpishi. Aliingia darasani katikati ya jua langu, akatazama huku na huku kama mkaguzi, akala kofia ya sufu ya mtoto wa mbele. Watoto walicheka mpaka wakasahau kujikuna. Nikaacha jua lichomoze lenyewe, nikasema, "Sasa huyu mbuzi jina lake ni Hezekia." Nikafuata alikokwenda. Nilimfuata miaka mitatu.

Hezekia alikuwa mbuzi wa stesheni. Alisafiri kwenye behewa la gadi, msimamizi wa treni, bila tikiti, akashuka Naivasha, akashuka Molo, akapotea Gilgil, na kila mahali alikula kitu kilichowatia watu wakubwa taabu. Hapo mwanzo alikula karatasi. Katika hadithi ya tatu alikula pasi ya kusafiria ya bwana mmoja, na Hedimasta akaniita ofisini.

"Mbuzi wako amekula pasi," akasema. "Siku hizi za Hali ya Hatari."

"Ni mbuzi tu, Hedimasta."

"Siku hizi hata mbuzi anaulizwa. Ale kitu kisicho na muhuri."

Ndiyo maana alirudi kwenye kofia. Msidhani mtunzi huchagua. Mimi nilikuwa na mbuzi mwenye hamu ya karatasi na mkubwa mwenye hofu ya karatasi, na katikati yao ikapatikana kofia. Alikula ya gadi, ya mzee wa kanisa, ya bibi mmoja wa Kizungu iliyokuwa na maua, na hiyo alilalamika kwamba maua hayakuwa na ladha.

Chombo chetu ni sinia ya jeli, ile ya Hedimasta ya kutolea karatasi za mtihani. Andikeni kwa wino wa zambarau, laza karatasi juu ya jeli, papasa taratibu kama unayemlaza mtoto, bandua. Kisha laza karatasi tupu, moja baada ya nyingine, na kila moja itatoka na maneno. Ya kwanza inatoka kali. Inayofuata imepungua, na za mwisho ni kama mtu amekohoa rangi ya zambarau. Msiwape watoto wale wale za mwisho kila wiki, wanahesabu. Na mkimaliza mfunike sinia kwa ubao mzito. Jeli ina harufu tamu, na mtoto aliyeilamba hukaa siku mbili akionyesha ulimi kwa kila anayepita.

Karatasi zikifika nyumbani, baba zao huzifanya za kuvutia tumbako. Nilikuwa na wasomaji wengi ambao hawakunisoma.

Ushairi ulinijia kwa sababu ya uji. Watoto walikuwa hawanawi mikono, Mwalimu Dorkasi akachoka kusema, akaniambia, "Tia hilo jambo kwenye wimbo, nisilisikie tena kinywani mwangu." Nikatunga huu, ambao mmeuimba nyote, na ambao sasa nikiusikia natamani kuwa kiziwi:

Maji hayana makucha,
mbona unayakimbia?
Viganja unavyoficha
harufu yasimulia.

Baada ya huo nikaagizwa wa kupanga mstari, wa kutoiba chaki, wa kupenga kamasi na wa kumkaribisha mkaguzi. Ule wa mkaguzi ulikuwa mrefu na mkaguzi alijikuna.

Ualimu ulikuja Mwalimu Dorkasi alipougua malaria. Nilikuwa darasa la saba. Hapakuwa na mtu, nikapewa chaki. Niliwafundisha hesabu za kutoa, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu ndiyo kwa sauti moja nzuri, na hakuna aliyekuwa ameelewa. Nilipomweleza Mwalimu kitandani kwake, alisema bila kufumbua macho, "Usiwaulize. Mwambie mmoja amweleze mwenzake, halafu wewe toka nje. Ukisikia kelele, kazi inaendelea." Nilijaribu. Nilisimama nje kwenye vumbi nikisikiliza kelele, nikadhani nimejifunza namna ya kupumzika. Maana ya maneno yale ilinifikia baadaye sana.

Sasa nifike kwenye kifo.

Mwaka huu nimeingia darasa la nane, na darasa la nane mnalijua, ni mlango mwembamba. Anayefaulu anakwenda sekondari. Asiyefaulu anarudi kuchuma pareto, na pareto mimi nimeichuma, sina hamu nayo. Kila Ijumaa nilitakiwa na Hezekia mpya, na kila Alhamisi sikuwa naye. Nilikuwa nakaa na kitabu cha hesabu mkono huu na mbuzi mkono huu, sipati hesabu wala mbuzi. Kofia zilikuwa zimeisha. Nilianza kumlisha barakoa, kilemba, ndoo. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauondoi, ule wa kuamka ukiwa tayari umechoka.

Nikamuua. Niliandika kwamba Hezekia, akiwa stesheni ya Nakuru, alikula bendera nyekundu ya gadi na ya kijani kwa pamoja, na tumbo lake likashindwa kujua lisimame au liende. Akalala kando ya reli, akafa. Nilidhani ni mwisho mzuri. Bado nadhani hivyo.

Nilipomaliza kuusoma hakuna aliyelia. Hakuna aliyejikuna pia, na hilo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Walichukua karatasi zao wakatoka kimya kama watu wazima.

Jumatatu mabenchi yalikuwa matupu. Jumanne vilevile. Mwalimu Dorkasi alinikuta nikitoka darasa la nane.

"Watoto wako matanga," akasema.

"Nani amefiwa?"

Akashika kiuno. "Wewe kijana, kwani uliua nani?"

Mnajua desturi ya landhi. Sisi tumetoka kila upande, wengine magharibi, wengine huku bondeni, hatuna mji mmoja wa kurudi, kwa hiyo akifa mtu mmoja landhi nzima inasimama mpaka azikwe. Hata madereva wa treni hubadilishana zamu. Watoto wamekua wakiona hivyo. Hezekia amekufa, basi hakuna kwenda kazini, na kazi yao ni shule. Niliwakuta karibu na bomba la maji wamekaa kuzunguka moto wa makaa ya reli, wasichana wamejifunga leso kiunoni, wavulana wameshika tama. Walikuwa wanalia kwa zamu. Hata Mama Akinyi wa nyumba za mwisho alikuwa pale, mtu mzima, anamimina chai.

"Mama," nikamwambia, "ni mbuzi wa hadithi."

"Najua ni mbuzi," akasema. "Lakini nimewasikia wanalia vizuri, nikaona haya kukaa nyumbani. Shika kikombe."

Aliyekuwa anaongoza matanga ni Nafula, ambaye mnamjua kwa sababu mkimkalia mahali pake anawaondoa. Ni wa darasa la kwanza, mdogo kuliko jina lake, baba yake ni fayaman, yule anayetia makaa kwenye injini. Alinitazama vile watu wanavyomtazama askari aliyekuja msibani.

"Wewe ndio uliua yeye."

"Nilikuwa nimechoka, Nafula."

"Baba yangu anachoka kila siku. Hajaua mtu."

Nikakaa chini. Nikamweleza habari ya chumba, kwamba Ijumaa Hedimasta atapita, na mabenchi yakiwa hivi, Bwana Chumo ataingiza misumeno, na wao watasomea vumbini mpaka wawe wakubwa. Watoto walisikiliza. Halafu nikatoa nilichokuja nacho, nikidhani ni zawadi.

"Kesho nitamfufua," nikasema. "Nitaandika kwamba alikuwa amezirai."

Wale waliokuwa wanalia waliacha. Nafula akatikisa kichwa pole pole.

"Hapana. Tumeshazika."

"Mmezika nini? Hakuna mwili."

Ndipo akanieleza, kama anayemweleza mjinga, aliyofundishwa na nyanya yake. Kwao magharibi mtu akifa mbali na mwili wake usipatikane, hawaachi hivyo. Wanazika kitu badala yake, mara nyingi shina la mgomba, na wanalilia hilo. Hapa landhi hakuna mgomba. Walitafuta kitu ambacho Hezekia mwenyewe angekipenda, wakakizika nyuma ya stoo ya shule.

Hapo nikakumbuka kwamba tangu Jumamosi Hedimasta alikuwa anatembea juani kichwa wazi, akiuliza kila mtu kama ameiona kofia yake.

"Nafula," nikasema, "hiyo kofia lazima ifukuliwe."

"Hatufukui," akasema Nafula, na watoto wote wakaitikia, hatufukui. "Imebaki siku ya kuongea. Watu wote walijua yeye wanakaa, kila mtu anasema vile alikuwa. Tukimaliza tunarudi shule."

"Lini?"

"Ijumaa. Hapa kwa bomba."

Nilirudi kwa Mwalimu Dorkasi nikamwambia nimeshindwa, chumba kimekwenda. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliuliza tu, "Wamesema watu wakae wapi?" Nikasema bombani. Akavaa sweta yake, ingawa alikuwa ameivaa tayari, yaani aliivuta ikakaa vizuri, akachukua sukari kwenye karatasi, akaenda.

Nilimfuata kwa mbali. Alifika kwenye moto, akampa Nafula sukari kwa mikono miwili, akakaa chini na watoto. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, vumbi lilikuwa linaingia machoni na kwenye vikombe.

"Poleni," akasema mwishowe. "Marehemu alikuwa na watu wengi. Mtawakalisha wapi?"

"Hapa," akasema Nafula, akitema vumbi.

"Mimi nina nyumba. Ina kuta, ina mabenchi. Mkitaka nitawapa."

Nafula aliwatazama wenzake, akatazama moto unavyopeperuka, akasema kama mama mwenye mji, "Tumekubali, Mwalimu. Asante."

Ijumaa hiyo Hedimasta alikuja na Bwana Chumo, na Bwana Chumo alikuwa na futi mkononi kwa ajili ya kupima meza zake. Walisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuingia. Darasa la kwanza lote lilikuwepo, na wadogo zao wasio na umri wa shule, na Mama Akinyi na wenzake wamekaa dirishani. Mtoto mmoja baada ya mwingine alikuwa anasimama. Mmoja alisema Hezekia aliwahi kumsindikiza mpaka Lanet alipokuwa anaogopa ng'ombe. Mwingine alisema mama yake alipokuwa mgonjwa Hezekia alikula ule ugonjwa, akacheua, akautema. Hayo sikuyaandika mimi. Nilisimama nyuma nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Hakuna mkono uliokuwa unakuna kitu.

Halafu Nafula akasimama.

"Hezekia hakula kofia juu ya njaa," akasema. "Alikula ndio kichwa ya mtu ipate hewa. Kofia moja ameenda nayo, hiyo tulimpa sisi." Akamtazama Hedimasta kichwani, bila hofu, kwa huruma.

Hedimasta akapitisha kiganja juu ya upara wake. Aliuelewa mkasa wa kofia, mwanzo wote na mwisho wote, niliona ukipita usoni. Nilingoja fimbo. Lakini desturi ni desturi, na yeye pia ni mtu wa landhi, alilelewa kwenye nyumba hizo hizo. Akaingia, akasimama katikati.

"Kofia ilikuwa nzuri," akasema. "Nilikuwa nayo tangu nilipoanza kufundisha. Nilidhani imeibwa. Sasa nimejua iko na nani." Akawageukia watoto. "Marehemu mwenyewe sikumjua vizuri. Niliwahi kumzuia kula karatasi. Pengine nilimkosea."

Akakaa. Watoto wakabanana kumpa nafasi kwenye benchi, magoti yake yakafika kidevuni. Bwana Chumo alikunja futi lake.

Nikaona ni zamu yangu. Nikapiga hatua mbele, nimeshaandaa maneno mazuri, mafupi.

"Wewe kaa," akasema Nafula. "Wewe ulishasema."

Nikakaa.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Jumatatu mabenchi yalijaa, na Ijumaa iliyofuata nilipofika na kitabu changu cha hesabu, kupita tu, Nafula alikuwa amesimama mbele ya darasa akieleza kwamba Hezekia aliacha binti huko Gilgil, kwamba binti hali kofia, anakula kelele, na kwamba siku moja alimeza honi ya treni. Mwalimu Dorkasi alikuwa anafuma. Hakuinua kichwa. Akaniambia tu, "Ukisikia kelele, kazi inaendelea," na ndipo nilipoelewa kile alichoniambia wakati wa malaria.

Kwa hiyo kazi yenu nyinyi ni nyepesi kuliko yangu. Kaeni nyuma, andikeni anayosema Nafula na wenzake, msiyanyooshe. Sinia iko kabatini kwa Hedimasta, ubao wa kuifunikia ni ule mzito. Mtu akianza kujikuna, kateni. Vidole vikishika zambarau, zoeeni.

Mimi siku hizi nasoma nje, chini ya dirisha la darasa la kwanza, kwa sababu kuna kivuli. Kuna kivuli pia kwingine, lakini huku ni kizuri zaidi. Ijumaa iliyopita nilikuwa katikati ya hesabu ya matangi mawili ya maji nikasikia binti wa Hezekia ameingia kwenye handaki la reli akiwa na honi tumboni, na treni inakuja upande wa pili. Hapo Nafula akanyamaza, akawaambia watoto waende nyumbani. Sikumaliza matangi.

Mtihani wangu unaangukia Ijumaa ijayo, saa hiyo hiyo ya hadithi. Nimemwendea Nafula bombani nikamwomba aahirishe, anisubiri wiki moja tu, mpaka nitoke chumba cha mtihani. Alikuwa amebeba debe la maji kichwani, hakulitua.

Amesema haahirishi. Amesema yeye hajachoka.